Injini Iliyozima Darajani

Kwa miaka tisa Mama alikuwa na neno moja tu kuhusu kaburi la Baba kule kijijini kwetu Mella: halina mtu. Alilisema bila kulia, kama mtu anayefunua sufuria na kukuambia chakula kimekwisha. Tukienda kulipalilia alibaki garini akitazama upande mwingine. Shangazi zangu wakimwomba awashe mshumaa, aliwauliza wanamwashia nani. Mwaka jana daktari aliniita pembeni akaniambia moyo wake umechoka na tusimsumbue. Mama, ambaye masikio yake hayajachoka hata kidogo, alinyamaza mpaka tulipofika nyumbani kwangu Busia, akavua viatu, akasema, "Mwanangu, mimi sitalala kando ya shimo tupu. Kamlete baba yako kwanza."

Hakuwa na haja ya kunieleza nikamtoe wapi. Sote wawili tulijua kwamba alimaanisha darajani.

Kwetu maiti hasafirishwi kama gunia la mahindi. Gari likifika mtoni husimama, na mtoto wa kwanza wa kiume humwambia marehemu kwamba sasa tunavuka maji, inuka, twende nyumbani. Asipoambiwa hajui. Mwili unakwenda na jeneza, lakini mwenyewe anabaki ng'ambo akiwangoja watu wake. Mjane haruhusiwi kuyasema maneno hayo, wala wadogo zangu hawaruhusiwi. Ni kazi ya kifungua mimba, na kifungua mimba ni mimi.

Sasa mimi ni mtu wa mihuri. Zaidi ya nusu ya umri wangu nimekuwa wakala wa forodha hapa mpakani, nikipitisha mizigo ya watu, na nina tabia mbaya ya kudhani kwamba kitu chenye karatasi zilizokamilika hakina shida nyingine. Baba alipofia hospitali ya upande wa Kenya, nililia kidogo, kisha nikaingia kazini. Nilitafuta kibali hiki, nikatafuta na kile, nikampitisha Baba mpakani kabla hata ya malori ya mafuta. Siku ile niliongea na maafisa wote wa pande mbili, mlinzi wa geti, mwanamke wa afya, hata mtu wa kufagia. Sikuongea na yule aliyekuwa akisafirishwa.

Gari tulilokodi lilikuwa stesheni wagoni ya Kifaransa, ya zamani, gia ikiwa kwenye usukani, aina ile ile ya gari la Baba mwenyewe. Viti vya mwisho vilikuwa vimeng'olewa ili jeneza lipate nafasi. Kwenye vioo kulikuwa na mapazia ya zambarau. Dereva alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile kali. Tulipita Busitema, tukaumaliza msitu, tukateremka mpaka mtoni, na katikati ya daraja yule mzee akazima injini. Akaondoa mikono kwenye usukani, akailaza juu ya mapaja, akatazama mbele.

Nilijua anangoja nini. Nyuma yangu nilisikia pumzi za Mama na maji yakipita chini yetu. Nilitazama karatasi zilizokuwa mkononi mwangu, nikasema, "Twende, kibali kina saa zake."

"Una hakika?" akauliza bila kugeuza shingo.

"Nina hakika."

Akawasha, tukaenda, tukazika. Watu walidhani ni usomi ulionizuia, na mimi niliwaacha wadhani hivyo kwa sababu usomi ni sababu ya heshima. Ukweli ulikuwa wa aibu zaidi. Miaka mitatu kabla ya hapo nilichukua gari la Baba bila ruhusa kuwapeleka marafiki zangu harusini Iyolwa. Gari lilikuwa likivuja maji kidogo, na Baba alikuwa na sheria moja: hakuna kuligusa kabla ya kujaza radieta. Sikujaza. Njiani niliona mshale wa joto umepanda, nikauona kabisa, lakini nilikuwa na wageni nyuma wanaimba na sikutaka kuonekana mtu wa gari bovu. Injini ilipiga kelele moja ndefu ikakwama kabisa. Ilikuwa injini ya miaka arobaini, imelisha nyumba yetu tangu Baba alipokuwa akibeba abiria kati ya Busia na Tororo. Nilimwambia Baba kwamba fundi wake hakufunga vizuri bomba la maji. Fundi yule alikuwa rafiki yake tangu ujana wao. Baba hakubisha. Ila hakwenda tena kwenye gereji ya rafiki yake mpaka anakufa, na mimi nikaona amenisadiki. Tangu siku hiyo tulikuwa tukizungumza habari za mvua na chakula tu. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje "inuka, twende nyumbani"? Mdomo ulikuwa mzito kuliko jeneza.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nikidaiwa, na Mama alikuwa na sharti lake juu ya hayo. Nilipomwambia tukodi gari siku moja twende nikaseme hayo maneno tumalize, alinikata kauli. "La kukodi alipandishwa akabaki. Atapanda gari lake."

Gari lake lilikuwa uani kwangu, limeegemea ukuta, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Bodi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni injini, na injini za namna ile siku hizi zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Nilizunguka wiki nyingi. Nilikwenda Tororo, nikaonyeshwa vyuma ambavyo hata muuza chakavu angeona haya. Mwishowe fundi wangu, Mpadhola mmoja mwenye mikono mikubwa na maneno machache, alisikia kwamba upande wa Kenya kuna mama anayo moja. Nilipokuwa naondoka alinishika mkono.

"Mzee, wewe nakwenda peke yako. Basi uliza kazi yake."

Hii ni desturi ya mafundi wa hapa mpakani, na wanaishika kama dini. Injini kuukuu hainunuliwi kabla mnunuzi hajauliza ilifanya kazi gani: ilisaga unga, ilivuta maji, ilibeba abiria, ilikimbiza magendo. Muuzaji akiulizwa lazima aseme kweli, hata kama ukweli utaharibu biashara. Asipoulizwa hana kosa. Nilimjibu fundi kwamba chuma ni chuma na kwamba mimi sinunui wasifu wa marehemu. Nilicheka peke yangu.

Yule mama muuzaji alikuwa mnene, mpole, amejifunga leso juu ya sweta, na alikuwa amerithi biashara hiyo kwa mumewe. Alifunua turubai. Injini ilikuwa imekaa juu ya tairi, imefutwa vizuri, na sikuona hata tone la oili chini yake.

"Hii ni kitu safi, mzee wangu," alisema. "Hakuna mtu ameifungua. Hata rangi ya kiwanda bado iko."

Nilisoma namba kwenye bloku. Nilitaka karatasi, akanipa karatasi. Niliuliza habari za ushuru, akajibu. Nikafunga faili langu. Yeye hakuondoa mkono juu ya injini.

"Kuna kitu kingine ungetaka kuuliza?"

"Hapana."

"Hakuna kabisa?"

"Mama, mimi nina haraka, mvua inakuja."

Akainua mkono wake polepole. Nakumbuka kwamba uso wake haukuwa wa mtu aliyefanya biashara nzuri. Sikujali. Nilipita mpakani na injini yangu juu ya mkokoteni, karatasi zikiwa zimenyooka, nikijiona hodari.

Fundi aliifunga kwa siku nne. Alipotoka chini ya gari mara ya mwisho na kuunganisha betri, niliwaita majirani waje waone. Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza tu, ikatulia, ikanguruma kwa sauti nene ya chini. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa barazani akichambua dengu. Aliweka ungo chini.

"Sauti hiyo naijua," akasema.

"Si ndiyo, Mama? Ni ya gari la Baba."

"La Baba lilikuwa na sauti nyembamba. Hii nilikaa nayo toka hospitali mpaka Mella." Akachukua ungo wake akaingia ndani. Nilimwambia fundi kwamba uzee ni kazi ngumu, na fundi hakucheka.

Kabla ya kumpandisha Mama tulilijaribu gari sisi wawili. Lilikwenda vizuri mno. Lilipanda vilima vya Busitema bila kunung'unika, wanafunzi wa chuo waliokuwa kando ya barabara wakapiga miluzi ya kulisifu, na mimi nikawapungia mkono kama bwana harusi. Tulipita msitu. Tukateremka. Katikati ya daraja injini ikazima.

Haikukohoa, wala haikutetemeka kama inavyotetemeka injini iliyokosa mafuta. Ilizima kama inavyozima mtu anapogeuza ufunguo. Nilitazama ufunguo. Ulikuwa pale pale, umewashwa, taa nyekundu ya oili inawaka. Fundi alifungua boneti akapima moto kwenye plagi, upo. Akachomoa bomba la kabureta, petroli ikamrukia mkononi. Alifunga boneti, akasimama ameweka mikono kiunoni. Baada ya dakika kama kumi nilijaribu tena, ikawaka.

Tuligeuzia Tororo tukarudi. Darajani lilipita bila kujali.

Siku ya pili fundi alibadilisha pampu na koili. Lilizima darajani. Siku ya tatu alisema labda ni joto, petroli inachemka kwenye bomba, hivyo tukangoja asubuhi ya mvua, hewa ikiwa baridi mpaka tunavaa masweta. Lilizima darajani. Kila mara tukielekea Tororo na Mella, kamwe si tukirudi Busia. Mara ya nne nilishika usukani mwenyewe nikaliendea daraja kwa kasi ili lipite hata kama halitaki. Lilizima, likateleza kimya, na ingawa ninaapa sikukanyaga breki, lilisimama mahali pale pale, kando ya nguzo iliyomeguka pembe. Nywele zilinisimama. Nilimfokea fundi kwamba amefunga waya vibaya, kwa sababu kufoka ndiyo dawa yangu ya woga.

Turudi gereji, fundi alisema, na tuliporudi aliliacha gari linanguruma, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye bloku na mpini sikioni, kama wafanyavyo mafundi wote kutafuta kitu kinachogonga ndani. Alisikiliza muda mrefu. Nilimwona akibadilisha mahali, silinda ya kwanza, ya pili, kisha akarudi ya kwanza. Akanipa bisibisi.

"Sikia wewe."

Nilisikia vali zikicheza, sauti ya kawaida. Halafu chini ya hiyo nikasikia nyingine. Ilikuwa kama watu wanaosali rozari chumba cha pili, mlango umefungwa: huwezi kushika neno hata moja, lakini unajua kabisa kwamba ni maneno. Wengi, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja kwa zamu yake. Nilitoa sikio. Nikarudisha. Zilikuwepo bado.

"Hii injini si mgonjwa," fundi alisema, akiifuta bisibisi yake kwa kitambaa kana kwamba imechafuka. "Nasimama yenyewe tu. Kama mutu nangojea mwenzake. Mzee, uliuliza kazi yake?"

Kesho yake nilivuka kwenda Kenya, na safari hii niliuliza.

Yule mama alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Nilikungoja uulize siku ile," alisema. "Mara mbili nilikupa nafasi. Hiyo ilikuwa ya gari ya kubeba maiti, mzee wangu. Miaka mingi sana. Mwenye gari alikuwa dereva mzuri, aliheshimu watu. Akifika kwa daraja anaizima mwenyewe, watu wanaongea na mtu wao, wakimaliza anawasha."

"Mwenyewe anaizima? Kwa ufunguo?"

"Mwanzo, ndio. Halafu kuna safari moja alibeba maiti, watu wake hawakusema kitu. Hata neno moja. Aliniambia mwenyewe hapa, ameketi kwa hiyo tairi. Kutoka hiyo siku injini ilikuwa inazima peke yake, hata akiwa amebeba viazi. Alikufa na hiyo shida. Bodi bado iko huko nyuma, unaweza angalia."

Sikutaka kuangalia. Miguu ndiyo iliyonipeleka. Nyuma ya kibanda, katikati ya magugu, gari lilikuwa limekaa juu ya matofali, halina magurudumu, boneti wazi na mdomo mtupu. Mapazia yalikuwa yamepauka lakini zambarau ilikuwa bado inaonekana kwenye mikunjo. Niliingia mbele, upande wa abiria, nikakaa. Nilikumbuka kitu kimoja ambacho sikuwahi kukikumbuka kwa miaka tisa: kwamba siku ile, baada ya daraja, nilikunja nakala ya kibali nikaichomeka juu, nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua, ili nisiendelee kuikodolea macho. Nilishusha kibao. Karatasi ikaniangukia mapajani. Jina la Baba lilikuwa limefifia. Muhuri ulikuwa mzima kabisa.

Nililia mle ndani. Ningependa kusema nililia kwa ajili ya Baba, lakini kwa kweli nililia kwa woga, na kwa hasira ya kugundua kwamba mtu wa kulaumiwa niliyekuwa nikimtafuta kwa kila namna ni mimi.

Nilimweleza Mama yote, nikitarajia atasema tuitoe injini ile tutafute nyingine. Alisikiliza, akakunja karatasi ya kibali ikawa ndogo, akaitia kwenye pochi yake. "Basi inajua mahali alipo," alisema. "Twende Jumamosi."

Ndipo woga wa kweli uliponiingia. Gari lingezima darajani, hilo nilikuwa na hakika nalo. Lingengoja maneno ya maiti. Na ndani ya gari angekuwapo nani? Mimi na Mama, mwenye moyo uliochoka, amekaa nyuma, mahali pa maiti. Nikisema "inuka, tunavuka, twende nyumbani," na hakuna jeneza, ninamwambia nani? Usiku kucha nilijigeuza kitandani na swali hilo. Asubuhi nilimwambia Mama kwamba betri imekufa. Alikuwa amevaa gomesi yake ya bluu, ile ya sikukuu, na mkononi ameshika sweta la Baba limekunjwa vizuri.

"Unaogopa utanivusha mimi," alisema.

Nilijifanya kukagua betri.

"Mimi nina miguu ya kunivusha. Jaza maji, twende."

Nilijaza radieta mpaka ikafurika. Tulikwenda taratibu. Kulikuwa kumenyesha, lami inang'aa, na watu wa Busia walikuwa wakielekea sokoni na mizigo yao. Mama alikaa katikati ya kiti cha nyuma, sweta mapajani, akitazama nje kama mtu anayesafiri kwenda kuona wajukuu. Kwenye kioo nilikuwa nikiangalia kifua chake kinavyopanda na kushuka. Tulipita Busitema. Ndani ya msitu hapakuwa na gari lingine, jambo ambalo si la kawaida siku ya Jumamosi, na hata nyani ambao huketi barabarani wakingoja ndizi za wasafiri hawakuwapo.

Darajani, kando ya nguzo iliyomeguka, injini ikazima.

Nilivuta breki ya mkono. Maji yalikuwa yakipita chini yetu, mengi, mekundu. Nilisikia pumzi za Mama nyuma yangu, na kwa muda nilikuwa tena mtu yule wa miaka tisa iliyopita, ila mikono yangu haikuwa na karatasi ya kushika. Nikajikaza. Nikasema kwa Kiteso, kama inavyopasa, jina lake, na jina la baba yake, na kwamba sasa tunavuka maji, ainuke, twende nyumbani. Nikageuza ufunguo. Stata ilizunguka, ikazunguka, haikushika. Nikarudia maneno. Nikageuza tena. Haikushika.

"Unamwita kama unavyowaita watu dirishani ofisini kwako," Mama alisema. "Wa pili, aingie. Hebu ongea na baba yako."

Mama ni Msamia wa upande wa Kenya na Baba alikuwa Mteso, na Kiswahili ndicho kilichowaoza. Ndicho tulicholelewa nacho, ndicho Baba alichotumia kutugombeza. Niliweka mikono yangu juu ya mapaja kama yule dereva. Nikatazama mbele.

"Baba," nikasema. "Bomba la maji lilikuwa limefungwa vizuri."

Nikautazama mshale wa joto.

"Mimi sikujaza maji. Niliona mshale umepanda nikaendelea kukanyaga mafuta. Nilimsingizia rafiki yako. Na siku ile tulipokupitisha hapa sikukuambia unakwenda nyumbani kwa sababu niliogopa nikifungua mdomo nitaanza na hilo. Nisamehe. Tunavuka sasa. Mama yuko hapa. Njoo twende."

Hakuna kilichotokea. Mto ulikuwa mto. Nilikuwa najisikia mjinga, na mtupu, na mwepesi kidogo. Kisha springi za nyuma zikalia, ule mlio wa gari linapopandwa, na mbele ya gari ikanyanyuka kiasi cha kidole. Sikuthubutu kutazama kioo. Nilisikia kitambaa cha gomesi kikiburuzika juu ya kiti. Mama alikuwa akisogea dirishani, anaacha nafasi.

Niligusa ufunguo tu. Injini ikawaka.

Mlima ulio baada ya daraja si mkubwa. Mara zote nne, kwenye majaribio, tuliupanda kwa gia ya tatu. Siku ile ilinibidi nirudi ya pili, kisha ya kwanza, na gari lilipanda likivuta mzigo. Jasho lilinitoka mgongoni. Tulipofika juu, mwamba wa Tororo ukiwa umetokeza mbele, Mama akasema, "Alijua."

"Alijua nini?"

"Habari za maji. Jioni ile ile alifungua radieta, akatia kidole, kavu. Alikuja akaniambia."

"Sasa mbona aliacha kwenda kwa rafiki yake?"

"Angekwenda na uso gani? Angemwambia mwanangu ni mwongo?" Aliongea kwa upole, nusu kwangu, nusu kwa kile kiti kando yake. "Akasema, acha, atakuja kuniambia mwenyewe. Alikuwa akikungoja barazani kila jioni. Wewe ulikuja na habari za mvua."

Niliendesha kutoka pale mpaka Mella huku machozi yananitiririka, na sikujali nani ananiona.

Nyumbani nililiingiza gari uani mpaka karibu na kaburi, kama Mama alivyoelekeza, na nikaliacha linanguruma. Mama alishuka polepole upande wake. Akazunguka nyuma ya gari akishikilia bodi, akafika mlango wa upande wa pili, akaufungua. Alisimama ameushika wazi, kwa muda ule ule aliokuwa akihitaji Baba kushuka na magoti yake mabovu, na springi zilipolia tena akanyoosha sweta, akaliinua, akaliacha juu ya kaburi. Akaufunga mlango.

"Zima sasa," akaniambia.

Nikazima.